Mtu wa Kukaa na Karani

Mfaranyaki, Songea
9 Machi 1992

Kwa mjukuu wangu Beda,

Tumsifu Yesu Kristo. Barua yako ya Krismasi imefika juzi, Krismasi yenyewe tumeshaisahau. Mimi ni mzima. Mguu wa kushoto unalalamika, lakini huo ulianza kulalamika kabla hujazaliwa, siusikilizi. Getruda jirani anakusalimu. Mumewe amefanywa katekista na sasa anatembea kama amemeza fimbo. Mbuzi alizaa wawili, mmoja amekufa. Kaburi la babu yako nimelipalilia. Mvua ni nzuri, na mpunga wangu kule bondeni Ruhuwiko umesimama kuliko wa watu wengine, ingawa wao wana watoto wa kuwasaidia.

Sasa hilo uliloliuliza. Unauliza kama Karani anakaa ndani salama. Hakai ndani.

Ulipomleta yule kasuku, tulipomaliza matanga ya babu yako, ulisema, "Bibi, huyu atakupunguzia upweke." Ukampakata safari nzima kutoka Mwanza ndani ya koti, ukaja kumtua mezani kwangu kama chungwa. Nikamwita Karani kwa sababu ya ile suti yake ya kijivu, na kwa sababu anarudia maneno ya wakubwa bila kuyaelewa. Haya, upweke wangu amepunguza. Wake nani ampunguzie? Nikienda shamba asubuhi nikirudi jioni nakuta amejinyonyoa kifua, ngozi imebaki tupu kama ya kuku anayesubiri sufuria. Getruda anasema mchana kutwa anaita kwa sauti yangu, mpaka siku moja watu walivunja komeo wakidhani nimeanguka.

Nikaamua tuwe tunakwenda wote. Nilimtia kwenye tenga, nikamfunga kamba mguuni, na ubawa mmoja nikaukata kwa mkasi kama tunavyowakata majogoo wanaoruka uzio. Jogoo akikatwa ubawa mmoja anatulia. Huyu hakutulia. Kamba aliikata kwa mdomo, akaruka kutoka juu ya dungu ninapokaa kuamia ndege, akazunguka hewani kama jani, akaangukia kifua. Damu ilitoka kidogo. Amepona, ila ananitazama kwa jicho la upande. Kosa ni lako. Mtu haleti mgeni nyumbani bila kusema anakula nini na anakatwa wapi.

Likizo ulisema Pasaka. Sasa hivi Kwaresima imeanza.

Nimeandika kwa mkono wangu. Mistari ikipanda kilima, ni karatasi za siku hizi, zote zinatoka nje na hazina adabu.

Bibi yako,
Kunegunda


Mwanza
2 Aprili 1992

Bibi yangu mpendwa,

Shikamoo. Nimefurahi kusikia mguu bado unalalamika, maana yake unatembea. Huku ni joto, ziwa limetulia, mimi ni mzima wa afya. Msalimie Getruda na mwambie mumewe asimeze fimbo nyingine.

Bibi, habari ya ubawa imenikosesha amani. Nilikwenda kwa mzee Twaha, yule muuza nafaka jirani na nilipopanga, amefuga kasuku tangu ujana wake. Nilipomsimulia, alishika kichwa. Anasema kasuku si jogoo. Ukimkata upande mmoja anapinduka hewani na anaweza kupasua kifua kabisa. Ikibidi kukata, yanakatwa manyoya machache ya nje, pande zote mbili sawasawa, na bora zaidi asikatwe, akae ndani ya tundu. Kamba mguuni pia hapana. Akishtuka akaruka, mguu unavunjika kama kijiti cha kiberiti.

Na tundu lisiwe la mianzi wala tenga, hayo kwake ni chakula. Liwe la waya, na mlango ufungwe kwa waya pia, kwa sababu wanajifunza kufungua komeo. Njiani umfunike nusu, upande mmoja aone unakokwenda na upande mwingine awe na mahali pa kujificha. Maji awe nayo wakati wote. Jua la saa sita linamuua haraka kuliko njaa, umweke kivulini, na umande wa asubuhi ukiwa bado mzito msitoke. Parachichi asionje hata kidogo, ni sumu kwake, najua kwetu yamejaa. Wala moshi wa jikoni. Na Bibi, kipanga. Usimwache peke yake mahali pa wazi hata kama ni kwenda tu kuchota maji.

Mzee Twaha anasema kwanza umzoeshe tundu ndani ya nyumba, kisha uani, ndipo shamba. Lakini mimi ningeomba umwache tu nyumbani, umwombe Getruda awe anapita.

Likizo ya Pasaka haitawezekana. Wamesema labda Juni.

Mjukuu wako,
Beda


Mfaranyaki
10 Mei 1992

Mume wangu uliyenikimbia,

Nimepokea barua yako. Anayeandika hapa ni Getruda, mimi nasema yeye anaandika, kwa sababu mikono yangu ina kazi na yake haina. Tuko salama. Yule mbuzi aliyebaki amekuwa mkorofi. Mvua zimekata vizuri, mpunga umeinamisha vichwa, na sasa ni kuamia ndege tangu jua linapotoka mpaka linapozama.

Maagizo yako nimesomewa mara mbili. Hata askofu akija kutoa kipaimara hatuagizwi hivyo. Lakini nimeyafanya, usije ukasema bibi ni mkaidi. Makarius fundi amenitengenezea tundu kwa wavu wa waya na nondo za kitanda cha babu yako kilichovunjika. Amelitilia mpini juu na sakafu ya bati. Nilipomwambia mlango ufungwe kwa waya alicheka, akasema, "Mama, huyu ni ndege au mahabusu?" Nikamwambia afanye kazi yake. Siku ya kwanza Karani alifungua komeo lake akiwa ameketi palepale karakana, na Makarius hakucheka tena.

Nilimkalisha ndani siku kadhaa, halafu uani, halafu tukaanza kwenda. Ninalibeba kichwani kwa ngata, nusu nimelifunika kitenge. Njia nzima anaimba kikohozi cha katekista. Tukifika bondeni napanda dungu polepole, nalitundika tundu chini ya paa la nyasi, upande wenye kivuli, na kopo lake la maji nimelifunga kwa waya asilipindue. Anakula mahindi mabichi na karanga zisizo na chumvi. Parachichi nimewakataza hata majirani wasimwonyeshe.

Sasa sikia. Huyu ndege ana kazi. Zile kamba zangu za makopo zinazokwenda shamba zima unazikumbuka. Kwelea wakitokea, Karani anapiga kelele kwa sauti yangu mimi, "Ondoka mwizi wewe, ondoka," nami navuta kamba, makopo yanalia, wanaondoka. Hajakosea hata siku moja. Hilda mwenye shamba la pili alikuja kunicheka, akasema bibi kizee amemwajiri ndege afukuze ndege. Wiki hii nasikia naye anavuta kamba zake kila Karani akiita. Hanilipi.

Kipanga alikuja kweli. Karani alinyamaza ghafla, hata kukwaruza waya akaacha. Mimi kwa kule kunyamaza nikajua, nikalirushia tundu blanketi, nikalikumbatia. Nikasikia kucha zikipita kwenye nyasi za paa. Tulikaa hivyo muda mrefu, mimi na yeye, moyo wake unagonga waya na wangu unagonga mbavu. Baadaye akasema taratibu, "Shikamoo Bibi." Hiyo ulimfundisha wewe.

Kwa hiyo hakai nyumbani. Shauri hilo limekwisha.

Juni si mbali. Chumba chako nimekipiga lipu.

Bibi yako,
Kunegunda


Kwa mzee Twaha, Mwanza
4 Juni 1992

Bibi mpendwa,

Shikamoo. Pokea salamu zangu na za mzee Twaha, amefurahi sana kwa habari za tundu, anasema fundi Makarius apewe mkono. Mimi sijambo. Samahani kwa mwandiko, naandikia juu ya gunia.

Bibi, nimeisoma barua yako mara nyingi. Nina swali na naomba usikasirike.

Nilipokuwa mdogo tulikuwa tunaamia wote kwenye dungu lile lile. Nakumbuka kwelea wakiwa bado kama vumbi juu ya Ruhuwiko, wewe umeshasema, "Hao." Mimi sikuwa naona kitu, wewe umeshashika kamba. Sasa unasema unangoja Karani aite. Kipanga pia, unasema ulijua kwa kunyamaza kwa ndege. Kipanga ana kivuli kikubwa, Bibi, na mchana ulikuwa mweupe. Na barua yenyewe ameiandika Getruda, wewe uliyekuwa hutaki mtu hata akubandikie stempu.

Je, macho yako yanaona?

Nauliza tu. Likizo ya Juni nayo haitawezekana. Kiwandani kuna mambo.

Beda


Mfaranyaki
28 Juni 1992

Beda,

Tumevuna. Magunia yamejaa kuliko mwaka jana. Hilda naye amevuna vizuri kwa jasho la ndege wangu.

Kuhusu macho, hayo ni yangu. Nilizaliwa nayo, sikuyaomba kwako. Ninaona ninachotaka kuona. Mwanamke wa umri wangu hahitaji kuhesabu kwelea angani, kazi yake ni kuwafukuza, na wamefukuzwa.

Na mimi nikiamua kuwa mtu wa kuuliza, ningeuliza pia. Zamani bahasha zako zilikuwa na anuani ya kiwanda cha nguo, kwa herufi za mashine, nilikuwa nampa katekista wa wakati ule anisomee mbele ya watu. Sasa bahasha inasema kwa mzee Twaha, muuza nafaka, na barua inaandikwa juu ya gunia. Redio inasema kila siku viwanda vinapunguza watu. Getruda alinisomea bahasha hiyo mara mbili. Lakini mimi sikuulizi. Mtu mzima akiulizwa sana hudanganya, na sikukulea udanganye.

Getruda anataka kuongeza la kwake hapa chini. Nimemwambia karatasi ni yangu.

Kunegunda


Mwanza
15 Agosti 1992

Bibi mpendwa,

Shikamoo. Leo ni sikukuu ya Kupalizwa, nimetoka misa. Nilikaa nyuma kabisa. Waimbaji wa huku wanavuta nyimbo mpaka unasahau neno la kwanza, ungewakaripia.

Nimechelewa kuandika. Nilianza mara kadhaa nikachana. Hukuniuliza, nami nimeshindwa kujibu usichouliza. Nipo, ninakula, ninafanya kazi na mzee Twaha kwa sasa. Jioni tukifunga ninabaki na kasuku wake wawili. Mmoja anajua kusema, "Karibu mteja." Anaposema hivyo na duka limefungwa, na mimi peke yangu katikati ya magunia, sipendi.

Karani anaendeleaje sasa kiangazi? Bado mnatoka?

Bibi, nimesikia kwa mtu mmoja wa kwetu kwamba ile hospitali ya misheni hupata daktari wa macho anayekuja mara mbili kwa mwaka, Oktoba na tena Aprili. Wanasema anatoa mtoto wa jicho na mtu anaona. Sisemi una mtoto wa jicho. Nasema tu kwamba daktari huyo yupo.

Beda


Mfaranyaki
20 Oktoba 1992

Kwa Beda,

Tumsifu Yesu Kristo. Hapa tu wazima, vumbi tupu, tunangoja mvua. Katekista amegombana na kwaya. Mbuzi mkorofi nimemuuza, nyumba imekuwa kimya.

Nilikwenda huko kwa daktari wako. Usijisifu, nilikuwa na safari zangu.

Kwanza nilijaribu kumwacha Karani kwa Getruda, siku mbili, nione. Anakaa hapa akiandika, mwulize. Hakula punje. Alipanda kona ya tundu, akageukia ukuta, akanyonyoa manyoya yaliyokuwa yameanza kuota. Siku ya pili jioni Getruda alimleta analia, yeye Getruda, ndege alikuwa amenyamaza. Nikasema basi, tutakwenda wote.

Tulipanda lori la tumbaku asubuhi umande ulipokauka. Nilikaa mbele na dereva, tundu magotini, kitenge nusu, maji robo kopo ili yasimwagike, nikarudishia tuliposimama. Dirisha la upande wake nilikataa lifunguliwe, vumbi na upepo vingemwingia kifuani. Dereva akanung'unika joto. Nikamwambia avue koti. Utingo alipokuja kuchungulia dirishani Karani akamwambia, "Ondoka mwizi wewe." Lori zima walicheka isipokuwa utingo. Ndege hakupata hata mkwaruzo. Hilo nalisema ili mzee Twaha ajue.

Daktari ni kijana, mikono yake inanuka sabuni. Alinimulika tochi akasema, "Mama, macho yote mawili yana mtoto wa jicho. Unaona nini hapa?" Nikamwambia naona kijana anayeuliza sana. Akasema, "Vidole vyangu ni vingapi?" Nikamwambia ahesabu mwenyewe.

Basi umejua. Naona mwanga na naona vivuli vya watu. Njia ya shamba miguu inaijua. Kwelea siwaoni tangu mwaka juzi. Wewe ulipokuja na yule ndege sura yako niliiona kama kwenye maji.

Akasema anaweza kumtoa huyo mtoto wa jicho, nilale wodini wiki mbili. Nikamwuliza Sista wa wodi ndege wangu atalala wapi. Sista akasema wodi si mahali pa ndege. Nikamwambia huyu anaoga kuliko wagonjwa wako. Akasema kwa upole sana, unajua ule upole wao unaofunga mlango, "Mama, chagua." Nilikaa barazani mpaka jua likageuka. Nilikuwa namsikia Karani akikwaruza waya, anakula karanga. Kisha nikapanda lori, tukarudi.

Kuona ni kuzuri, sikatai. Lakini huyu akifa kwa kuachwa, nitaona nini? Kuta. Tena mpunga wa mwakani bila yeye ni wa kwelea, na bila mpunga nitakuwa mtu wa kupelekewa sahani na majirani. Hilo babu yako hakuniacha nalo.

Sista anasema daktari atarudi Aprili. Aprili ndiyo kuamia. Karani anahitaji mtu anayemjua. Watu anaowajua ni wawili. Mmoja ni mimi.

Kunegunda


Mwanza
15 Novemba 1992

Bibi,

Shikamoo. Barua yako nimeipokea jana, nimeisoma dukani, mzee Twaha akaniambia niende nikae nje kidogo.

Nimepata likizo. Ni ndefu.

Nitamaliza na mzee msimu huu wa mahindi kwa sababu alinipokea wakati sina pa kwenda, siwezi kumwacha na magunia. Mwezi wa tatu nitakuwa njiani. Ila Bibi, nikisema ukweli, naogopa kushuka pale stendi. Watu wa kwetu wanajua mimi ni mtu wa kiwanda. Wataona begi moja. Wataniuliza nimewaletea nini na ninarudi lini, nami sijui niseme nini.

Beda


Mfaranyaki
10 Desemba 1992

Beda,

Utasema umekuja kukaa na ndege. Ni kweli, na hakuna anayeweza kubishana na jambo la kipumbavu namna hiyo.

Begi moja linatosha. Shuka ninazo.

Kunegunda


Dunguni, bondeni Ruhuwiko
24 Aprili 1993

Kwa Bibi Kunegunda, wodi ya macho

Shikamoo Bibi. Barua hii anakuletea Getruda, naye atakusomea. Natumaini unakula. Getruda aliporudi juzi alisema umegombana na mpishi wa wagonjwa juu ya ugali, nikajua umepona nusu.

Nyumbani salama. Nimeziba pale bati linapovuja. Hilda anakusalimu, anauliza kila siku utarudi lini. Pale stendi mwezi ule aliniuliza mtu mmoja tu, nikamjibu kama ulivyosema, akaniangalia, akaenda zake.

Sasa Karani. Nilikueleza tulipoagana nitafuata utaratibu wote na ndivyo ninavyofanya, kivuli, maji, kitenge, mlango kwa waya. Tulipokuleta hospitali na kurudi wawili, alikaa ukutani siku nzima. Nilidhani mambo yameharibika. Nikamtia tena ndani ya koti kama ule mwaka, nikalala naye hivyo hivyo kwenye kiti chako. Asubuhi akala.

Lakini dunguni nilikosea. Mimi kwelea nawaona wakiwa bado mbali, kwa hiyo nilikuwa navuta kamba mapema, makopo yanalia, wanageuka kabla Karani hajasema neno. Nikajiona hodari. Siku ya tatu akaacha kuita kabisa. Akaanza kuvuta unyoya mmoja mmoja wa kifuani na kuudondosha chini ya dungu, huku ananitazama. Sikuelewa mpaka jioni, nilipoangalia chini na kuona yale manyoya.

Tangu hapo ninawaona kwelea wakija, ninakaa kimya. Wanashuka, wanaanza kula. Mimi naangalia pembeni kama sina habari. Karani ananyoosha shingo, anapiga ile kelele yenu, ndipo navuta. Amerudi kuwa mchangamfu, na kifua kimeacha kuchunwa. Mpunga kidogo umeliwa kwa sababu hiyo, upande wa mfereji. Niwie radhi.

Huku juu mchana ni kimya sana, Bibi. Sikujua. Nilidhani wewe una shamba, una majirani, una kanisa. Kumbe mtu anakaa hapa tangu jua linapotoka mpaka linapozama na sauti pekee inayomjibu ni ya kwake mwenyewe ikitoka ndani ya tundu. Nimeisikia sasa, siku zote hizi, sauti yako, na wewe hupo.

Mjukuu wako,
Beda


Wodini
28 Aprili 1993

Kwa Beda,

Naandika mwenyewe. Sista ananishikia karatasi isisogee, lakini hasomi, nimemkataza.

Bandeji ya jicho la kulia waliitoa Jumatatu. Kitu cha kwanza nilichokiona ni mkono wangu na sikuujua, nilidhani ni wa mgonjwa wa kitanda cha pili. Sista nilidhani ni mtu mzima kwa ile sauti yake, kumbe ni msichana mdogo ana chunusi. Dirishani kuna mlima na mlima una miti, mmoja mmoja. Nimeutazama siku nzima, nikasahau chakula.

Barua yako Getruda alinisomea. Leo nimeisoma tena mwenyewe, polepole, mpaka mwisho. Mwandiko wako umekuwa kama wa babu yako. Umekonda, Getruda ameniambia. Nitaona mwenyewe. Mpunga wa upande wa mfereji usikuhangaishe, mimi pia nilikuwa nawaachia kidogo.

Nitarudi Jumamosi kwa lori lile lile. Usije kunipokea, kaeni dunguni, ndiyo siku za mwisho za kuamia na kwelea hawana Jumamosi. Nitakuja hukohuko kwa miguu. Nataka niwaone nikiwa bado mbali.

Daktari alitaka kutengeneza na jicho la kushoto kabla hajaondoka, alikuwa ameshapanga vyombo. Nimemwambia hapana, hilo lingoje Oktoba. Aliuliza sababu, akasema mama, yote mawili yangekuwa tayari, ungekuwa umemaliza. Nikamwambia hayo hayamhusu.

Kwa hiyo usianze kuulizia mabasi. Oktoba nitalazwa tena, na Karani atahitaji mtu.

Bibi yako,
Kunegunda